Umeme wa Jua na Usalama wa Mabomba ya Kigamboni

Chini ya mchanga wa Kigamboni yamezikwa mabomba ambayo uchumi wa nchi hii, na wa nchi jirani ya Zambia, unayategemea kila siku. Meli kubwa za mafuta hufungwa kwenye boya la kupakulia lililoko baharini mbele ya Mjimwema. Kutoka hapo mafuta hupita chini ya maji hadi nchi kavu na kuingia katika matangi. Katika eneo hilo hilo ndipo linapoanzia bomba la TAZAMA, linalosafiri kilometa 1,710 kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Ndola. Mtumishi anayevuka kwa pantoni kila asubuhi kwenda kazini mjini, au anayepita juu ya Daraja la Nyerere, halioni bomba hilo wala halisikii. Kilichozikwa husahauliwa upesi, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

Wananchi wamezoea kusikia habari za maadui wa mabomba wanaoonekana. Yuko anayejenga nyumba juu ya mkuza, yuko anayelima mihogo juu yake, na yuko mwizi anayechimba usiku akatoboa bomba ili avute dizeli. Wote hao wanaweza kukamatwa, na baadhi yao wamekwisha kufikishwa mahakamani. Lakini yuko adui mwingine asiyekuwa na jembe wala nyundo, naye ni umeme uliotoroka njia yake ukaingia ardhini. Nchi sasa inaingia kwa kishindo katika kuzalisha umeme kwa nguvu ya jua, na ardhi tambarare iliyo wazi, inayofaa kwa paneli, mara nyingi ndiyo ile ile iliyo kandokando ya mikuza ya mabomba na njia kubwa za umeme. Kwa sababu hiyo jambo hili halifai kuachiwa wahandisi peke yao walizungumze vyumbani mwao.

Inafaa kukumbuka bomba hili lilitoka wapi. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru wao bandia. Zambia, iliyokuwa imepata uhuru wake mwaka mmoja tu kabla, ikajikuta njia yake ya mafuta imekatwa. Mafuta yakaanza kupelekwa kwa ndege, na kwa malori katika barabara ya vumbi na matope kutoka Dar es Salaam, barabara iliyoua madereva wengi hata ikaitwa Njia ya Jehanamu. Serikali za Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda ziliamua kujenga bomba, na mwaka 1968 mafuta yakawa yanatiririka hadi Ndola, miaka saba kabla ya reli ya TAZARA kukamilika. Zambia ikamiliki theluthi mbili ya hisa na Tanzania theluthi moja. Lilianza kwa kupitisha mafuta yaliyosafishwa. Tangu 1973, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Ndola kilipoanza kazi, likapitisha mafuta ghafi. Na mwaka 2023 likageuzwa tena ili lipitishe dizeli.

Historia hiyo si ya kupamba maneno. Ina mambo mawili yanayohusu moja kwa moja usalama wa leo. La kwanza ni kwamba chuma hicho kimekaa ardhini kwa zaidi ya nusu karne, na kila mwaka unaoongezeka unapunguza akiba yake ya uvumilivu. La pili ni kwamba dizeli si mafuta ghafi. Mafuta ghafi ni mazito na huvuja kwa uvivu. Dizeli ni nyepesi, hupenya katika kijitundu kisichoonekana kwa macho, na katika mchanga wa pwani huzama upesi kuelekea yaliko maji. Na Kigamboni ndiko iliko hazina ya maji ya chini ya ardhi ya Kimbiji, ambako DAWASA imechimba visima virefu kwa ajili ya kuwanywesha wakazi wa jiji. Mwaka 1968 sehemu hizo zilikuwa minazi, mikorosho na vijiji vya wavuvi. Katika sensa ya mwaka 2022 Wilaya ya Kigamboni ilikuwa na watu zaidi ya 300,000, takriban mara mbili ya waliohesabiwa miaka kumi kabla.

Sasa, umeme unakulaje chuma? Mwalimu yeyote wa kemia anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake katika kipindi kimoja. Misumari miwili ikitiwa katika glasi ya maji ya chumvi na kuunganishwa na betri, ule uliofungwa kwenye ncha chanya huanza kulika, na maji yakageuka rangi ya kutu. Ule wa ncha hasi husalimika. Bomba lililozikwa katika ardhi yenye unyevu na chumvi ya pwani ni msumari mrefu tu. Likifanywa kuwa upande hasi, litadumu. Likifanywa kuwa upande chanya, hata kwa sehemu ndogo iliyo sawa na ukucha wa kidole, litatoboka.

Maarifa haya si mageni. Mwaka 1824 Humphry Davy wa Uingereza alionyesha kwamba shaba iliyofunika matumbo ya merikebu za kivita ingeweza kuhifadhiwa isiliwe na maji ya bahari kwa kuiunganisha na vipande vya zinki au chuma, ambavyo vililiwa badala yake. Mwaka 1928 Robert Kuhn, aliyekuwa akishughulikia mabomba ya gesi katika mji wa New Orleans, Marekani, alipata kipimo kinachotumika hadi leo: chuma kilichozikwa kikishikiliwa kwenye volti 0.85 chini ya sifuri, kwa kulinganishwa na elektrodi ya shaba iliyosimikwa udongoni, kutu hukaribia kukoma. Hiyo ndiyo inayoitwa kinga ya kathodi. Mabomba makubwa ya mafuta na gesi duniani hulindwa kwa njia hiyo: kwanza hufunikwa kwa gamba lisilopitisha umeme, kisha mtambo mdogo hulisukumia bomba mkondo wa umeme wa kiasi kidogo usiku na mchana. Sehemu ambazo gridi haijafika, mtambo huo mara nyingi huendeshwa kwa paneli za jua. Kwa hiyo jua lenyewe ni mlinzi wa bomba kabla hajatokea mtu wa kulifanya adui.

Kinga hiyo ni ya mizani nyembamba sana. Sehemu za volti moja zinatenganisha bomba salama na bomba linaloliwa. Kitu chochote kilicho jirani kinachomwaga umeme ardhini, au kinachonyonya umeme kutoka ardhini, kinaweza kuipindua mizani hiyo bila mtu kutambua. Miji ya Ulaya na Marekani ilijifunza hivyo kwa hasara mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, tramu za umeme zilipoanza kupita mitaani. Mkondo wa tramu ulipaswa kurudi kituoni kwa kupitia reli, lakini sehemu yake ilitoroka, ikaona mabomba ya maji na ya gesi yaliyozikwa ni njia nyepesi zaidi, ikapanda humo na kuteremka karibu na kituo. Pale ulipoteremkia, mabomba yalitobolewa kama chungio.

Shamba la paneli za jua lina tabia inayofanana na ya tramu, ingawa limesimama mahali pamoja. Paneli hutoa mkondo mnyoofu, sawa na wa betri. Paneli nyingi huunganishwa kwa mfululizo hadi volti 1,000 au 1,500, na nyaya zake hutandazwa kwa kilometa nyingi, nyingine zikiwa zimezikwa. Maji ya mvua yakiingia katika kiungo kimoja, panya akitafuna ala ya waya mmoja, au fundi akiubana waya chini ya chuma chenye makali, umeme hupata mlango wa kutokea. Katika mitambo ambayo haikufungwa ardhini upande mmoja, tundu la kwanza halina madhara makubwa, kwa kuwa mkondo hauna njia ya kurudi. Tundu la pili linapotokea upande mwingine wa shamba, ardhi iliyo katikati huwa ndiyo waya. Na kama katika ardhi hiyo limelala bomba la chuma, mkondo utaingia ndani yake upande mmoja na kutoka upande wa pili. Pale unapoingia hakuna madhara makubwa. Pale unapotoka chuma huondoka nao.

Hesabu yake inastahili kufanywa ubaoni, kwa sababu bila hesabu mtu anaweza kudhani kwamba wataalamu wanatia chumvi. Ampea moja ya mkondo mnyoofu inayotoka katika chuma kwa mwaka mzima huondoka na chuma cha uzito wa kilo 9 na kidogo. Kilo 9 katika bomba la kilometa mia kadhaa si kitu. Lakini mkondo hauchukui kidogo kidogo kila mahali. Huchukua pale ambapo gamba la bomba limechubuka. Chukua ukuta wa bomba wenye unene wa milimeta 7 na mchubuko wenye eneo la sentimeta moja ya mraba. Chuma kilichopo hapo, kutoka nje hadi ndani, hakizidi gramu 6. Kama mkondo wa ampea moja ungetokea hapo tu, kazi ya kutoboa ingekwisha kabla ya saa sita. Kama ungekuwa sehemu moja ya mia ya ampea, mkondo usiotosha hata kuwasha tochi ya kawaida, ingechukua wiki tatu na siku moja hivi. Mtambo wa megawati kadhaa unaweza kupoteza mkondo wa kiasi hicho kwa miezi bila mizania ya mauzo ya umeme kuonyesha tofauti yoyote.

Kutokana na hesabu hiyo hutokea jambo lisilotarajiwa. Gamba la bomba linapokuwa bora zaidi, mchubuko mmoja uliobaki huwa wa hatari zaidi, maana mkondo wote huelekea hapo. Mwaka 1986 nchini Ujerumani bomba la gesi lililokuwa limelazwa miaka michache tu kabla, lenye gamba jipya la plastiki na kinga ya kathodi iliyotimiza vipimo vyote vilivyokubaliwa, liligunduliwa limetobolewa kwa kutu. Lilikuwa limelazwa sambamba na reli ya umeme. Hadi wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba mkondo geu, yaani umeme wa kawaida wa majumbani na viwandani, hauli chuma, kwa kuwa huenda na kurudi. Baada ya hapo imani hiyo iliwekwa kando, na Ulaya nzima ikaanza kupima upya.

Hapa ndipo sehemu ya pili ya shamba la jua inapoingia. Umeme wa paneli hauendi kwa mtumiaji ukiwa mnyoofu. Hupitia inveta ukageuzwa kuwa mkondo geu, ukapandishwa na transfoma hadi kilovolti 33 au zaidi, kisha ukasafirishwa kwa njia ya nguzo hadi kituo cha gridi. Waya wa nguzoni unapokwenda sambamba na bomba kwa mwendo mrefu, huamsha umeme ndani ya bomba bila kuligusa, kwa kanuni ile ile inayofanya transfoma ifanye kazi. Umeme huo hula chuma penye michubuko, na unaweza kumpiga fundi anayeshika vali kwa mkono mtupu. Kiwango kinachotumiwa na mashirika mengi ya mabomba ulimwenguni ni kwamba mtu asiguse bomba lenye zaidi ya volti 15. Radi ikipiga, au waya ukikatika na kuanguka, ardhi iliyo karibu na kituo inaweza kupanda kwa muda mfupi hadi maelfu ya volti, na bomba likabeba sehemu ya umeme huo hadi mahali ambako hapana mtu anayejua kwamba kuna hatari.

Halafu iko ethi. Kila shamba la paneli lina mtandao wa nyaya za shaba zilizozikwa kwa ajili ya kupeleka umeme wa ajali ardhini, pamoja na nguzo nyingi za chuma zilizopakwa zinki, zilizopigiliwa udongoni kushikilia paneli. Mtandao huo ukikaribiana na bomba, hunyonya ule mkondo mdogo wa kinga uliokusudiwa kulilinda bomba. Bomba hukosa ulinzi, na nguzo za paneli nazo huanza kuliwa pale mkondo unapoziacha. Wawekezaji wa umeme wa jua hawana budi kulitafakari jambo hili, kwa sababu baadhi yao hudhani kwamba habari za kutu ni shida ya mwenye bomba. Shamba lililojengwa lidumu miaka 25 linaweza kuanza kuyumba kabla ya nusu ya muda huo, na kosa likatafutwa kwa aliyeuza nguzo.

Hapana mwananchi mwenye nia njema anayeweza kutumia maelezo haya kupinga umeme wa jua. Ukame wa mwaka 2024 ulipoliteremsha ziwa la Kariba, ndugu wa Zambia waliishi bila umeme kwa saa nyingi za kila siku, na nchi yao ikakimbilia jua kwa haraka: mtambo wa Itimpi wa megawati 60 mjini Kitwe mwaka 2024, na ule wa Chisamba wa megawati 100 mwaka 2025. Tanzania nayo, ambayo sehemu kubwa ya umeme wake sasa hutoka katika maji ya Rufiji, haina sababu ya kungoja ukame uje kuifundisha. Mradi wa TANESCO wa Kishapu, mkoani Shinyanga, uliopangwa kufikia megawati 150 na kuanza na megawati 50, ndio wa kwanza wa ukubwa huo kujengwa kwa ajili ya gridi ya Taifa, na itakuwa ajabu kama ndio wa mwisho. Wala mwalimu mwenye paneli mbili juu ya paa lake Kibada, au zahanati ya Pembamnazi inayohifadhi chanjo kwa umeme wa jua, asitiwe hofu. Umeme wa paneli za paa ni mdogo na hauna kilometa za nyaya zilizozikwa. Suala hili linahusu mashamba ya hekta nyingi, mapaa ya maghala na viwanda vikubwa, na njia za umeme zinazotoka huko.

Suala hili pia haliwezi kutenganishwa na mambo mengine yanayoongezeka chini na juu ya ardhi ya nchi hii. Gesi ya Songo Songo ilifika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, na bomba kubwa kutoka Mtwara likafuata mwaka 2015. Treni ya umeme ya reli ya kisasa, inayotumia kilovolti 25, ilianza kubeba abiria mwaka 2024. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina kilometa 1,443, ambazo 1,147 zimo Tanzania. Na kwa kuwa mafuta ya Uganda huganda yakipoa, bomba hilo limebuniwa pamoja na nyaya za umeme za kulipasha joto. Mkoa wa Shinyanga ambao una Kishapu ndio huo huo ambao bomba hilo linaupitia katika Wilaya ya Kahama. Umbali uliopo kati ya vitu hivyo viwili ni mkubwa, na hakuna anayedai kwamba kimoja kinakidhuru kingine. Lakini nchi inayojenga mabomba na mitambo ya umeme kwa kasi hiyo hatimaye itavikutanisha, na ni nafuu kupima kabla havijakutana.

Gharama ya kutopima inajulikana. Tarehe 22 Aprili 1992, katika mji wa Guadalajara, Mexico, petroli iliyovuja ilijaa katika mifereji ya maji machafu ikalipuka, na mitaa mizima ikapasuka. Watu zaidi ya 200 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba bomba la maji lililopakwa zinki lilikuwa limewekwa likagusana na bomba la petroli, na umeme mdogo uliozaliwa na mgusano huo wa metali mbili katika udongo wenye unyevu ukatoboa bomba la petroli. Hapakuwa na hujuma, wala mtambo mkubwa wa umeme. Palikuwa na fundi aliyelaza bomba lake bila kumwuliza mwenye bomba lililotangulia, na bila shaka yuko mtu aliyepiga muhuri kuidhinisha kazi hiyo.

Afrika Mashariki yenyewe ina makaburi ya kutosha yanayohusu mafuta yaliyomwagika. Septemba 2011 petroli iliyovuja kutoka bomba la Nairobi iliunguza makazi ya Sinai, na Agosti 2019 lori lililopinduka Msamvu, Morogoro, likaua watu wapatao mia moja. Misiba hiyo miwili haikusababishwa na kutu ya umeme. Ilionyesha tu kinachotokea mafuta yanapofika mahali penye watu maskini wenye ndoo. Kigamboni ya leo ina watu hao, tena wengi, Tungi na Vijibweni.

Kwa hiyo inafaa kuufuata mwendo wa jalada. Mwekezaji anayetaka kujenga shamba la umeme wa jua hupitia kwa maofisa ardhi wa halmashauri, hupeleka tathmini ya athari kwa mazingira NEMC, huomba leseni EWURA, na hukubaliana na TANESCO juu ya kuungwa katika gridi. Kila ofisi hutazama linaloihusu, na pengine kila moja hufanya kazi yake vizuri. Ofisa wa ardhi huangalia mipaka ya mkuza, akiona paneli ziko mita kadhaa nje ya mpaka, huridhika. Lakini umeme hauna habari ya bikoni. Mpaka wa mkuza uliwekwa kwa ajili ya majembe, matrekta na nyumba. Mkondo unaotoroka katika ardhi yenye chumvi huweza kusafiri mbali kupita mpaka huo, na njia ya nguzo inaweza kuliathiri bomba kwa urefu wa kilometa nyingi ingawa haikuligusa mahali popote. Basi katika jalada hilo panahitajika karatasi moja zaidi: barua kutoka kwa mwenye bomba, awe TAZAMA, TPDC, Mamlaka ya Bandari au DAWASA, ikisema kwamba ameonyeshwa michoro, amepima, na amekubali. Bila karatasi hiyo leseni isitoke. Ofisa anayeisaini bila kuiona asipate mahali pa kujificha siku bomba litakapotoboka.

Vipimo vyenyewe si vya kutisha. Kabla ya ujenzi hupimwa ukinzani wa udongo na volti ya bomba, ili pawe na rekodi ya hali ilivyokuwa. Mtambo ukianza kazi hupimwa tena, mchana jua likiwa kali na usiku paneli zikiwa zimelala. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo ushahidi. Volti ya bomba ikicheza pamoja na jua, ikipanda asubuhi na kutulia magharibi, mwenye kosa amejulikana, na hahitaji kutafutwa na tume. Tiba nayo ipo. Njia ya umeme inaweza kusogezwa, au ikaukata mkuza kwa pembe badala ya kwenda nao sambamba. Utepe wa zinki unaweza kuzikwa kandokando ya bomba ukapokea umeme usiotakiwa. Na viko vifaa vinavyopitisha mkondo geu kwenda ardhini huku vikizuia mkondo wa kinga usitoroke. Vyote hivyo ni bei ndogo vikifanywa wakati wa kuchora ramani, na bei kubwa sana vikifanywa baada ya kuchimba.

Kuna king'ora kimoja kinachohitaji kusemwa peke yake. Inveta za kisasa hukagua kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, kama nyaya za paneli zinavuja umeme kwenda ardhini, na zikigundua hitilafu hukataa kuwaka. Katika msimu wa mvua hitilafu za aina hiyo huwa nyingi, na fundi anayebanwa na bosi wake kwa ajili ya megawati zilizopotea huona ni rahisi kulegeza kipimo cha king'ora kuliko kutafuta waya uliochubuka katika matope. Sheria ya leseni inapaswa kumlazimisha mwenye mtambo kutunza kumbukumbu za ving'ora hivyo, na mkaguzi azisome. Mkaguzi anayekuja kunywa chai ofisini na kuhesabu paneli kwa mbali hajakagua kitu.

Wataalamu wa kazi hii wanaweza kupatikana nchini kama watatafutwa. Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha na vyuo vya VETA vinafundisha ufungaji wa umeme. Kinachotakiwa ni somo la kutu na kinga ya kathodi lisiwe aya mbili za mwishoni ambazo mwalimu huzifikia muhula ukiwa umekwisha. Kila mara mshauri wa kupima volti ya bomba anapoletwa kwa ndege kutoka nje, nchi hulipa kwa dola kazi inayoweza kufanywa na kijana mwenye mita, elektrodi ya shaba na daftari.

Kando ya njia za mabomba husimikwa nguzo fupi za kupimia, ambazo ndani yake mna ncha za waya uliounganishwa na bomba. Wapita njia hudhani ni alama za mipaka, na wengine hufungia mbuzi. Walimu wa fizikia wa shule za sekondari za Kigamboni wanaweza kuomba ruhusa kwa wenye mabomba na kuwapeleka wanafunzi wao wakaone mafundi wanavyosoma kipimo. Na watendaji wa mitaa wanaweza kuzihesabu zilizomo katika maeneo yao, waandike zipi zimevunjwa, zipi zimezungushiwa uzio wa mtu binafsi na zipi zimefukiwa na vifusi, orodha hiyo ikafika kwa Mkuu wa Wilaya na kwa wenye mabomba kabla ya masika. Nguzo iliyofukiwa haiwezi kupimwa, na kipande cha bomba kisichopimwa hakuna anayejua kama bado kiko upande hasi.